Kutoka Kipande hadi Kishikwambi: Mgonjwa Anayehama katika Ukanda wa Dhahabu

Niliwahi kuketi benchi moja na kijana mchimbaji katika kituo kimoja cha afya upande wa Geita. Mkononi alikuwa na mfuko wa nailoni, na ndani yake madaftari matatu ya shule. La kwanza alilianza akiwa kwenye machimbo ya upande wa Kahama. La pili aliandikiwa Nyarugusu. La tatu alilinunua asubuhi ile ile kwenye genge lililokabili lango la kituo, kwa kuwa mawili yaliyotangulia yalikuwa yamelowa maji ya duara na wino ukasambaa. Alikuwa na kikohozi cha miezi kadhaa. Zamu yake ilipofika, karani aliigeukia kompyuta, akauliza jina, akabofya mara mbili tatu, kisha akasema maneno ambayo sijayasahau: "Wewe ni mgonjwa mpya."

Kwa kituo kile alikuwa mpya kweli. Kwa ugonjwa wake hakuwa mpya hata kidogo. Alikwisha kupimwa, kupewa dawa, kuacha dawa na kuanza tena, na kila hatua ya safari hiyo iliandikwa mahali fulani na mtu fulani aliyelipwa na umma. Kumbukumbu zilikuwapo, ila hazikuwa naye.

Umbali uliopo kati ya maana hizo mbili za neno "mpya" ndio ninaotaka kuutazama kihistoria. Tanzania ilianza kupanga taarifa zake za afya kabla kompyuta hazijafika wilayani, na haki isemwe: kazi kubwa imefanyika. Lakini ukiufuata mwendo wa mipango hiyo utaona kwamba karibu kila mfumo tuliojenga ulikusudiwa kukijua kituo. Kumjua mtu ni kazi nyingine, na kumjua mtu anayehama ni kazi ngumu zaidi. Hakuna mahali panapoonyesha jambo hili waziwazi kama Shinyanga na Geita, ambako habari ya rashi ikivuma jioni, kufikia alfajiri nusu ya vijana wa machimbo wamekwisha kuhama.

Taarifa inayomfuata mtu si uvumbuzi wa karne hii. Wazee wetu wa Usukuma na Unyamwezi waliokwenda kukata mkonge katika enzi ya ukoloni walipewa kipande, kadi iliyotiwa alama kwa kila siku ya kazi iliyokamilika. Zilipotimia siku 30 ndipo mshahara ulipolipwa. Nchini Kenya sheria ya uandikishaji ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa kwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimu mwanamume Mwafrika kubeba kipande chenye alama za vidole, akikining'iniza shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Mpaka leo Wakenya wengi wanakiita kitambulisho cha taifa kwa jina hilo hilo, bila kufikiri sana walikolirithi. Kipande kilimfuata mtu popote alipokwenda, na hakuna mfumo wa karatasi uliofanikiwa zaidi kwa lengo hilo. Lakini kilimfuata kwa faida ya mwajiri na polisi. Aliyekibeba hakuwa mwenye nacho.

Kuna karatasi nyingine iliyomfuata mtu, na hii ilitoka upande tofauti kabisa. Katika miaka ya 1950 na 1960 daktari Mwingereza, David Morley, aliyekuwa akifanya kazi Ilesha, Nigeria, alibuni chati ya ukuaji wa mtoto iliyokusudiwa kukaa nyumbani kwa mama badala ya kufungiwa kabatini hospitalini. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mama ndiye anayejua mtoto yuko wapi, na mama hapotezi kadi kirahisi kama makarani wanavyopoteza mafaili. Wazo hilo lilienea duniani, nasi tukalipokea. Kadi ya kliniki ya mtoto na kadi ya mjamzito, ambazo wauguzi wanaziita RCH-1 na RCH-4, ni watoto wa wazo hilo. Mama anayehama kutoka Bukombe kwenda Kakola huibeba kadi pamoja na masufuria, na muuguzi wa Kakola huisoma bila kumpigia mtu simu. Ukiniuliza ni mfumo gani wa taarifa za afya uliofanya kazi kwa uaminifu mkubwa zaidi katika ukanda huu, nitakujibu kuwa ni kipande kile cha karatasi ngumu kilichofungwa kwenye pindo la kanga.

Nimezitaja karatasi hizi mbili mapema kwa makusudi, maana kila tunapozungumzia namba moja ya mgonjwa au faili moja la kielektroniki, tunazungumzia kurudi kwa moja kati ya hizo.

Tuje kwenye mipango yenyewe. Mwaka 1964, mwaka ule ule ulioanza Mpango wa kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, ilichapishwa ripoti ya jopo lililoongozwa na Richard Titmuss juu ya huduma za afya Tanganyika. Ndani yake mlikuwa na fikra iliyokuja kututawala kwa nusu karne: afya ipangwe kwa eneo, kuanzia kituo cha vijijini kwenda juu. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, na hasa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, uzito ulihamia vijijini kwa dhati. Zahanati zilijengwa, waganga wasaidizi wakafundishwa, na Operesheni Vijiji, iliyofika Shinyanga kwa kishindo mwaka 1974, ikawakusanya watu mahali pamoja. Wanafunzi wangu hupenda kubishana kuhusu ukatili wa operesheni ile, na wana haki ya kubishana. Mimi huwaomba waongeze swali moja: operesheni ile ilidhani nini juu ya binadamu? Ilidhani kwamba raia ni mtu anayekaa, na kwamba akishakaa, shule, maji na dawa vitamkuta alipo.

Dhana hiyo iliingia hadi kwenye maboksi ya dawa. Mpango wa dawa muhimu ulioanza mwaka 1983 ulipeleka katika zahanati maboksi yaliyofungwa tayari, yakiwa na orodha ile ile ya dawa. Kwa nchi iliyokuwa imefilisika wakati ule lilikuwa jambo la ukombozi. Lakini boksi halikujua kama zahanati iko katika kijiji kilichotulia au kando ya machimbo yaliyofumuka mwezi uliopita.

Na machimbo yalikuwa yakifumuka. Mgodi wa zamani wa Geita, uliofanya kazi tangu miaka ya 1930, ulifungwa mwaka 1966. Almasi ya Mwadui, iliyogunduliwa na Mkanada John Williamson mwaka 1940, iliendelea ikiwa ndani ya uzio wenye utaratibu wake na hospitali yake. Uchimbaji mdogo ulibaki pembezoni hadi uchumi ulipolegezwa katika miaka ya 1980, na Benki Kuu ilipoanza kununua dhahabu kwa bei yenye maana mwaka 1990 wachimbaji wadogo walitapakaa. Kisha ikaja migodi mikubwa: Geita mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, Buzwagi 2009. Maduara, mialo, makarasha, magenge, gesti za mabati: yote hayo yalisimamisha miji ambayo hakuna mpango uliokuwa umeiandika.

Ni katika kipindi hicho hicho, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Wizara ya Afya ilipoanzisha mfumo tunaoujua kwa kifupi cha MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Watumishi wa umma wanaosoma hapa hawahitaji maelezo. Wameyazoea madaftari makubwa yenye namba, la wagonjwa wa nje, la wajawazito, la watoto, la wazazi. Wamejaza tali kwa vijiti vinne na mkwaju wa tano. Wamesubiriwa na mratibu wa wilaya mwisho wa mwezi huku foleni ikingoja nje. MTUHA ilileta kitu ambacho hakikuwapo: nchi nzima ikahesabu kwa lugha moja. Kabla yake kila mradi wa wafadhili ulikuwa na fomu zake.

Udhaifu wake ulikuwa ndani ya jina. Ulikuwa mfumo wa uendeshaji wa huduma. Uliuliza kituo kimefanya nini, kisha ukagawanya jibu kwa idadi ya watu wanaodhaniwa kuishi kwenye eneo la kituo hicho. Idadi hiyo ilitoka kwenye sensa, ikakuzwa mwaka hadi mwaka kwa makadirio. Sensa zetu zimefanyika 1988, 2002, 2012 na 2022. Machimbo yanaweza kuzaliwa, kushamiri na kufa kati ya sensa mbili, na katika hesabu za serikali yasiwe yamewahi kuwapo. Mkoa wa Geita, uliotangazwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mwanza, Shinyanga na Kagera, ulikuwa na watu wapatao milioni 1.74 katika sensa ya mwaka huo. Miaka kumi baadaye walikuwa karibu milioni 2.98. Nchi nzima iliongezeka kwa zaidi kidogo ya theluthi moja. Geita iliongezeka kwa zaidi ya theluthi mbili. Ndiyo maana ofisa wa wilaya yenye machimbo huweza kuripoti kwamba amechanja zaidi ya asilimia 100 ya watoto wake, akapongezwa katika kikao kimoja na kushukiwa katika kingine, ilhali hakufanya lolote zaidi ya kuwachanja watoto waliofika mbele yake.

Kompyuta ilipokuja, iliurithi mfumo huu kama ulivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Oslo, kilianza kufanyia kazi programu ya DHIS, iliyokuwa imezaliwa Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka. Toleo lake la mtandaoni, DHIS2, lilifikishwa katika mikoa yote ya Tanzania kufikia mwisho wa mwaka 2013. Yalikuwa mafanikio makubwa, nami nayatetea mbele ya wenzangu wanaodhani kila kitu kilichoanzia kwa wafadhili ni bure. Taarifa iliyokuwa ikisafiri kwenye bahasha kwa wiki kadhaa, ikipotea Mwanza au kuliwa na mchwa Dodoma, sasa ilionekana wizarani mara tu wilaya ilipoiingiza. Wataalamu wengi walioijenga na kuiendesha walikuwa wa hapa hapa.

Lakini tazama kinachosafiri. Kijana wangu wa madaftari matatu, akiingia DHIS2, ni moja. Ni mgonjwa mmoja wa nje, wa kiume, wa umri fulani, mwenye kikohozi. Akienda kituo cha pili mwezi ule ule anakuwa mmoja mwingine. Hakuna kosa la programu hapo, haikuundwa kumtambua. Ninachokataa ni tabia ya kuiita hesabu hiyo "taarifa za wagonjwa" kwenye hotuba. Ni taarifa za vituo.

Mwaka huo huo wa 2013 serikali ilianza kutekeleza Mkakati wa Taifa wa Afya Mtandao, wa miaka 2013 hadi 2018, ambao ulikiri bila kuficha kwamba nchi ilijaa mifumo midogo isiyozungumza. Ulifuatwa na mpango wa uwekezaji ulioanza 2017, kisha mkakati wa afya ya kidijitali wa 2019 hadi 2024. Nimeisoma mikakati hii na wanafunzi, na kila mara tunakutana na ugonjwa ule ule ukielezwa kwa maneno mapya: mradi wa malaria una mfumo wake, wa chanjo una wake, wa dawa una wake, wa bima una wake. Siku hizi viongozi wanasema "mifumo isomane". Ni usemi mzuri, wa Kiswahili safi. Swali ni kwamba mifumo ikisomana, itasoma nini kuhusu nani.

Shinyanga ilitoa jibu moja la swali hilo, na lilitoka Kishapu. Mwaka 2015 wilaya hiyo iliteuliwa kuwa ya kwanza kujaribu malipo kwa ufanisi yaliyofadhiliwa kwa msaada wa Benki ya Dunia, kabla ya kuenea katika mikoa mingine ikiwamo Geita. Utaratibu ulikuwa hivi: kituo kiliripoti idadi ya huduma fulani, kama vile wajawazito waliohudhuria kliniki na wanawake waliojifungulia kituoni, wahakiki wakafika, wakalinganisha ripoti na rejesta, kisha fedha ikaingia, sehemu kwa ajili ya kituo na sehemu kwa watumishi. Kwa mara ya kwanza takwimu iliyoandikwa na muuguzi wa zahanati ilirudi kwake ikiwa na thamani. Rejesta zilijazwa vizuri zaidi, maana uhakiki uliokuta nafasi tupu uliikata hela. Wapo walionung'unika kwamba muuguzi amegeuzwa karani. Manung'uniko hayo nayaelewa, lakini muuguzi alikuwa karani tangu MTUHA. Tofauti ni kwamba sasa alilipwa kwa ukarani huo. Ninachokiona mimi kuwa kizito zaidi ni kwamba hata hapo mnunuzi wa taarifa alikuwa yule aliye juu. Mjamzito aliyehesabiwa hakupata chochote kutokana na kuhesabiwa kwake, ila huduma ambayo tayari ilikuwa haki yake.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa mfumo wa hospitali wa TAMISEMI, GoTHOMIS, ambao sasa unakutwa katika vituo vingi vya halmashauri. Ndani yake una nafasi ya historia ya mgonjwa, vipimo, dawa na rufaa. Lakini fuatilia jinsi ulivyotangazwa katika miaka yake ya kwanza, kwenye mabaraza ya madiwani na taarifa za halmashauri: sifa iliyopigiwa makofi ilikuwa kupanda kwa makusanyo. Karani asingeweza tena kupokea shilingi elfu tano na kuandika elfu mbili. Hilo ni jema, wala silidharau. Nimeshuhudia kituo kikinunua vitendanishi kwa fedha iliyokuwa ikiyeyuka. Hata hivyo mfumo ulioingia kwa mlango wa dirisha la malipo hubaki na macho ya dirisha la malipo. Umeme ukikatika, jambo la kwanza linaloulizwa ni namna ya kutoa risiti.

Mfumo pekee mkubwa uliolazimika kumkumbuka mtu kwa miaka mingi ni ule wa VVU, kwa sababu dawa zenyewe ni za maisha. Huduma za tiba na matunzo zilipoanza nchini mwaka 2004, kila mgonjwa alipewa kadi na namba. Namba hiyo inaanza na mkoa, kisha wilaya, kisha kituo, na mwisho ndipo anapokuja mtu. Mpangilio huo una busara ya kiutawala, lakini pia ni picha ya fikra yetu nzima: mtu ni tarakimu za mwisho za anwani ya kituo. Mgonjwa anayehama na barua ya uhamisho huendelea na namba yake. Mchimbaji haagi. Anasikia kwamba kuna duara limetema, anapanda bodaboda, na wiki mbili baadaye anafika kliniki nyingine akisema hajawahi kuanza dawa, kwa hofu ya kukaripiwa. Kule alikotoka anaandikwa kuwa amepotea, na mhudumu wa jamii anatumwa kumtafuta. Huku alikofika anaandikwa kuwa ameanza. Kituo cha kwanza kinalaumiwa kwa kumpoteza mtu aliye hai na anayemeza dawa, na cha pili kinasifiwa kwa kumpata mpya. Daktari wake hajui kama mwili huo umeshazizoea dawa za awali na virusi vimepata usugu. Hapo ndipo "mgonjwa mpya" huacha kuwa neno la ofisini na kuwa hatari ya kweli.

Sasa nije kwenye mfano unaonipa matumaini, nao umetoka ukanda huu huu. Kuanzia mwaka 2013, Sengerema na baadaye Shinyanga zilifanyiwa majaribio ya usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, kazi iliyoungwa mkono na taasisi ya hisani ya Vodafone na washirika wake, ambayo sote sasa tunaijua kwa jina la m-mama. Mama akipata dharura, yeye au jirani anapiga simu bila malipo, leo namba 115. Anayepokea hospitalini anauliza maswali ya dalili za hatari yaliyopangwa kwenye programu, programu inaonyesha kituo gani kinafaa na gari lipi liko karibu. Gari la wagonjwa likiwa mbali, anapigiwa dereva wa kawaida wa kijijini, mwenye teksi au Noah, aliyekwisha kuandikishwa. Akimfikisha mama, analipwa kwa M-Pesa. Tarehe 6 Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua Dodoma kuwa mfumo wa nchi nzima.

Kwa nini huu ulifanya kazi Shinyanga, mkoa wa vumbi, mvua za ghafla na vijiji vilivyotawanyika? Watu wa teknolojia watasifu programu. Mimi ningesifu malipo ya dereva. Kila mtu kijijini alijua tangu zamani kwamba mama anaweza kufa akisubiri gari. Kilichokosekana ni uhakika kwamba mwenye gari atalipwa usiku huo huo bila kufuatilia hundi halmashauri. Na zaidi ya hayo, mfumo huu ulianza kwa mtu. Haumuulizi mama ametoka kituo gani. Unauliza yuko wapi sasa, ana hali gani, apelekwe wapi, kisha unamfuata mpaka amefika. Utafiti wa hali ya afya wa 2022 ulikadiria vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015 na 2016. Usiubebeshe m-mama sifa yote hiyo, kwa sababu utafiti ulifanyika wakati kampeni ya kitaifa ndiyo kwanza inaanza. Vituo vipya vya upasuaji, damu na watumishi vina sehemu yao kubwa.

Safari ya m-mama, hata hivyo, ni ya saa chache. Kumkumbuka mtu kwa miaka ishirini kunahitaji kumtambua, na hapa Usukuma unatupa mtihani wake. Kulwa na Doto ni majina ya mapacha, na Shija ni anayewafuata. Mapacha hao wana tarehe moja ya kuzaliwa, baba mmoja na kijiji kimoja. Mtu ana jina la ubatizo, la nyumbani na la machimboni, na karani ataandika lile atakalosikia. Watafiti wa Kisesa, wilayani Magu, ambako jamii nzima imekuwa ikifuatiliwa tangu 1994, walilitambua tatizo hilo. Walipojaribu kuunganisha kumbukumbu za kliniki na za kaya, hawakutegemea jina na umri peke yake. Waliketi na mgonjwa, wakamuuliza kitongoji, mtu anayeishi naye, na balozi wake wa nyumba kumi. Naipenda sana habari hii. Kompyuta ya karne ya ishirini na moja ilimpata mtu kwa kupitia taasisi ya TANU. Lakini balozi hupatikana kijijini. Kwenye kambi ya rashi iliyosimama miezi mitatu hakuna balozi. Kuna mwenye duara, na huyo si mtu ambaye mgonjwa angependa ajue habari zake.

Ndiyo maana sauti zinazidi kwamba namba ya NIDA iwe ufunguo wa faili la afya, na kwamba mtoto aipate tangu kuzaliwa. Kazi ya kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano kupitia vituo vya afya na simu za mkononi, iliyoanzia Mbeya mwaka 2013 na kufika Mwanza, Geita na Shinyanga, imetayarisha njia. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 nayo inasukuma huko huko, maana huwezi kumkatia bima mtu usiyeweza kumtambua. Mimi siipingi namba moja. Nauliza tu itakuwa kipande au kadi ya kliniki.

Tofauti yake haiko kwenye programu. Iko kwenye ruhusa. Je, mgonjwa ataweza kufungua faili lake mwenyewe na kujua nani mwingine amelifungua? Mgodi unaompima afya mfanyakazi kabla ya kumwajiri utaona nini? Mkopeshaji, polisi, mwenyekiti wa kijiji? Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inazihesabu taarifa za afya miongoni mwa zile nyeti. Ni sheria nzuri. Lakini katika kituo ambako wahudumu watano wanatumia neno la siri moja, lililoandikwa kwa kalamu ya bluu kwenye ukingo wa kioo cha kompyuta, sheria hiyo bado haijafika.

Na kuna deni lingine la mipango yetu ambalo mwaka 2025 ulilianika. Januari mwaka huo serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na kufikia Julai shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Wengi walizungumzia dawa. Wachache walizungumzia makarani wa takwimu wa kliniki za VVU, ambao wengi wao walilipwa na miradi. Ndio waliokuwa wakiingiza kadi kwenye kompyuta, wakipiga simu kwa waliokosa tarehe, wakigundua kwamba aliyepotea Kahama ndiye aliyeanza juzi Geita. Tulikuwa tumenunua mashine kwa bajeti ya maendeleo na kumwachia mfadhili mtu anayeiendesha. Hakuna mkakati niliousoma uliomweka karani huyo kwenye ikama ya kudumu kwa uzito unaolingana na seva.

Siku ile kituoni, karani alimaliza kumwandikisha yule kijana, akampa namba ndefu kwenye kikaratasi. Kijana aliinakili kwa uangalifu ndani ya jalada la daftari la tatu, akaniomba nihakiki kama hakuruka tarakimu. Kisha akamgeukia karani na kumuuliza kama namba hiyo itakubali na Katoro, maana alikuwa amesikia kuna mahali wanapata.

"Hapana, kaka," karani alisema, kwa upole tu. "Huko watakupa nyingine."